Kokoto yenye kiu: zege la nguzo kutokana na kifusi

Ndugu mafundi, wakandarasi, wahandisi wenzangu, na mama zangu wa kugonga kokoto mliotoka Kunduchi alfajiri ili muwahi hapa Kimara, Dar es Salaam: wakubwa shikamooni, wadogo habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini. Nitajitahidi zisifike hamsini.

Kabla sijasema lolote, naomba kijana wangu asogeze mbele hayo mabeseni mawili. La kushoto lina kokoto mpya za Lugoba, kule upande wa Chalinze, ukubwa wa robo tatu ya inchi, zile mnazonunua kila siku. La kulia lina kokoto za ukubwa huohuo, ila hizi tumezipata kwa kuvunja nguzo za zege la zamani. Zote ni kavu. Sasa mimina maji. Haya, walio mbele watazame, walio nyuma wasogee. Kushoto kumetulia. Kulia mnaona mapovu? Yanapanda kama sufuria ya maharage inayotaka kuchemka. Hayo mapovu ni hewa inayotolewa na maji yanayoingia ndani ya jiwe. Kokoto ya kulia inakunywa. Iacheni iendelee kunywa, tutairudia.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2017 nyumba zilivyovunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia hapa Kimara kwenda Kiluvya, barabara ilipokuwa inataka kupanuliwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo nyundo zikafika hadi kwenye jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, pale Ubungo. Nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo, hayo yana wenyewe. Mimi nilikuwa natazama kifusi. Vijana walikuja na nyundo, wakagonga nguzo na mikanda mpaka nondo zikatoka, wakazibeba kwenda kuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. (Na nyingine zilinyooshwa, leo ziko ndani ya nguzo za watu. Huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Zege lenyewe likaachwa, likaja kusombwa kwenda kujaza mabonde. Na barabara ileile, malori mengine yanashuka kutoka Chalinze yamejaa kokoto za Lugoba, yametembea zaidi ya kilomita 100 kuja kutuletea mawe. Lori linalotoa mawe mjini linapishana na lori linaloingiza mawe mjini, na madereva wanapigiana honi.

Naona fundi mmoja pale dirishani anatikisa kichwa. Namwelewa. Sisi ni watu wa mji uliozika watu 36 baada ya jengo la ghorofa 16 kuanguka Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013. Mtu akija na habari ya kuweka kifusi ndani ya nguzo, ukamfukuza saiti, una sababu zako. Ninachokuomba ni unisikilize kwanza, ufukuze baadaye.

Jambo lenyewe si geni. Warumi walichanganya vipande vya matofali kwenye zege la kuba la hekalu la Pantheon, Roma, karibu miaka 1,900 iliyopita, na kuba hilo lenye upana wa mita 43 bado liko juu. Ujerumani, baada ya vita kuu ya pili, miji ilikuwa milima ya vifusi. Waliviponda. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 walikuwa wamezalisha mita za ujazo milioni 11.5 za kokoto ya matofali yaliyopondwa, na kwa kokoto hiyo wakajenga makazi 175,000. Hawakufanya hivyo kwa kupenda mazingira. Hawakuwa na kitu kingine.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Watford, Uingereza. Katikati ya miaka ya 1990 taasisi yao ya utafiti wa majengo, BRE, ilikuwa inajijengea ofisi mpya. Wakati huohuo jengo la ghorofa 12 lililoitwa Suffolk House lilikuwa linabomolewa katikati ya London. Zege la jengo lile likapondwa, likachekechwa, likawa kokoto, na zikamwagwa zaidi ya mita za ujazo 1,500 za zege jipya: misingi, nguzo, slabu. Watu wa utafiti, wanaojua kila kinachoweza kuharibika kwenye jengo, waliamua kukaa chini ya slabu ya kifusi wao wenyewe. Singapore nao, kampuni ya Samwoh ilijenga jengo lake la ghorofa tatu mnamo 2010, na kuna sehemu kokoto zote ni za kifusi, asilimia mia.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana siwezi kuwafundisha maji bila kuwaambia nilivyozama.

Mwaka wangu wa tatu kazini tulipata kazi ndogo: ukuta wa uzio, nguzo za geti, na kibanda cha mlinzi. Mwenye kiwanja alikuwa amebomoa ghala la zamani, na lundo la zege lilikuwa palepale. Nikajiona mjanja. Tukaliponda lote, tukalitumia lote, hakuna hata ndoo moja ya kokoto mpya. Asubuhi tulianza na juu ya lundo, kokoto kavu kabisa. Zege likatoka zuri, lakini toroli ikifika kwenye nguzo tayari limekuwa gumu, halishuki kwenye boksi la mbao. Saidia fundi akafanya anachofanya kila saidia fundi duniani: akachota maji. Ndoo moja, ikawa mbili. Nikaona, nikanyamaza, kwa sababu zege lilikuwa linashuka vizuri na jua lilikuwa kali.

Mchana tukafika chini ya lundo. Mvua ya juzi yake ilikuwa imeingia humo, kokoto zilikuwa zimeshiba. Lakini ndoo mbili zilikuwa tayari zimeshakuwa sheria. Kila mchanganyiko, ndoo mbili za nyongeza. Baada ya siku 28 tukavunja kyubu, vile vibonge vya zege vya umbo la mchemraba tunavyomwaga ili kupima nguvu. Tulitaka 25, yaani newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Za asubuhi zilifika 22. Za mchana, 13. Nguzo mbili za geti tulizibomoa kwa gharama zetu, na mwenye kiwanja akawaambia majirani kwamba mhandisi alimjengea kwa takataka. Kokoto zilizobaki nilizibeba, nikaziloweka, nikapima maji kwa lita, nikamwaga kyubu nyingine. Zilitoa 27. Jiwe lilikuwa lilelile la takataka.

Ili mwelewe lilichofanya jiwe lile, chukueni kipande hiki, kipitisheni mkono kwa mkono. Mnaona katikati kuna jiwe asili, na pembeni limeng'ang'aniwa na udongo wa kijivu. Huo si udongo, ni mchanga na sementi ya zamani. Ndani yake kuna vitundu vidogo visivyohesabika, na ndivyo vinavyokunywa. Kwa hiyo zege jipya la kifusi lina mishono miwili: wa zamani, kati ya jiwe na sementi yake ya kwanza, na mpya, kati ya sementi ya kwanza na sementi yetu ya leo. Zege likizidiwa mzigo hupasukia pale palipo dhaifu, na mara nyingi ni kwenye ile tabaka ya kijivu. Wajapani wana kiwango chao, JIS A 5021, kinachoitambua kokoto ya kifusi ya daraja la juu, inayokunywa isiyozidi asilimia 3. Baadhi ya viwanda vyao, ili kuifikia, hulichoma zege la zamani hadi nyuzi 300 hivi kisha hulisugua mpaka kijivu kitoke. Sisi hatuna tanuri hiyo. Tuna ndoo na mizani, na vinatosha kwa kuanzia.

Jana saa nne asubuhi nilipima kilo mbili za kila aina zikiwa kavu, nikaziloweka. Zile pale, tofauti na za kwenye mabeseni. Kijana anazifuta uso kwa taulo. Ule mng'aro wa maji tu ndio unaoondoka, ndani zibaki zimeshiba. Weka ya Lugoba kwenye mizani. Soma kwa sauti. Gramu 2,012. Imekunywa gramu 12, yaani asilimia 0.6. Weka ya kifusi. Gramu 2,110. Asilimia 5.5.

Tuiweke kwenye zege. Chukua mita moja ya ujazo: mifuko saba ya sementi, kilo 350, maji lita 175, kokoto kilo 1,100. Kokoto zote zikiwa za kifusi na kavu, zinaweza kunywa lita 60. Hizo ni ndoo tatu za lita 20. Theluthi ya maji yote imeingia tumboni mwa mawe, na sehemu kubwa inaingia ndani ya dakika kumi za mwanzo, wakati ndiyo unasukuma toroli. Ndiyo maana zege linakukaukia mkononi. Sasa upande wa pili: kokoto zimeshiba tayari, nawe umeongeza ndoo mbili kwa mazoea. Lita 40 hazina pa kwenda, zinabaki kwenye uji wa sementi. Uwiano wa maji na sementi umetoka 0.5 umefika 0.61, na nguvu ya zege imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano. Hakuna aliyeiba sementi. Ni ndoo tu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuinywesha kokoto kabla ya kazi. Jioni ya kuamkia siku ya kumwaga zege, nyunyizia lundo mpaka liloe lote, ligeuze kwa koleo, nyunyizia tena, lifunike kwa turubai. Asubuhi liwe na unyevu lakini lisitiririke. Kokoto iliyonyweshwa jana ni kama mgeni aliyekula kwao. Haji kwako akavamia sufuria. Ila ukilileta lundo linachuruzika, umeleta maji kwa mlango wa nyuma, na tumerudi kulekule kwenye geti langu.

Ya pili ni namna ya kuchanganya. Mwaka 2005 watafiti wa Hong Kong walichapisha njia rahisi: mchanga na kokoto zizungushwe kwanza, kisha nusu ya maji, kisha sementi, na nusu ya maji ya mwisho. Ule uji mzito wa kwanza unaifunika kokoto na kuziba vitundu na nyufa zake, na ule mshono mpya unakaza zaidi. Haiongezi gharama. Inaongeza dakika moja au mbili kwenye mashine, na kumzuia kijana asimwage ndoo yote kwa mkupuo. Na zege likiwa bado gumu baada ya hapo, tafuta dawa ya kulainisha zege kwa vipimo vya mtengenezaji. Mpira wa maji ufungwe mbali.

Sasa kifusi chenyewe, maana hapa ndipo wengi mtakapokosea. Mkiniambia kesho mmepata kifusi, swali langu la kwanza litakuwa: cha nini? Nyumba nyingi zilizovunjwa kando ya barabara hii zilikuwa za tofali za sementi, na mnajua wenyewe baadhi ya tofali zile zilitoka vipi, mfuko mmoja tofali hamsini. Ukishika kona inamong'onyoka. Kifusi hicho hakiingii kwenye nguzo. Kinafaa kujaza, kinafaa kusawazisha chini ya msingi, pengine chini ya jamvi la sakafu. Kinachoingia kwenye nguzo ni kile kilichotoka kwenye nguzo, bimu na slabu. Mama zangu wa Kunduchi hawahitaji maabara kwa hili: zege zuri ukiligonga linalia, nyundo inaruka, zege bovu linaitika bu, nyundo inazama.

Tofautisheni mapema, jengo likiwa bado limesimama. Plasta ya jasi, mbao, vioo, plastiki, udongo, vitoke kwanza. Jasi hasa, kwa sababu ina salfeti, na salfeti ndani ya zege huvimba na kulipasua polepole. Zege lililoungua moto liacheni. Mara nyingi utaliona limegeuka rangi ya waridi. Na sisi watu wa pwani tuna adui wa nyumbani: chumvi. Majengo ya zamani yaliyochanganywa mchanga wa baharini, au yaliyokaa miaka yakipigwa na upepo wa bahari, zege lake limebeba chumvi. Ukilipeleka kwenye nguzo mpya umeipelekea nondo kutu ikiwa bado changa. Ukiona kwenye jengo la zamani nondo zimevimba na kuupasua ukuta, usibishane na jengo. Kwingineko peleka sampuli maabara wakapime kloridi, yaani chumvi hiyo, kabla hujalipa lori.

Ukishaponda, chekecha. Kinachopita tundu la milimita 5 kitoe kabisa. Vumbi hilo na mchanga huo vina sementi ya zamani nyingi kuliko kokoto, na vinakunywa kuliko vyote.

Kiasi gani? Waingereza kwenye kiwango chao cha BS 8500 wanaruhusu asilimia 20 ya kokoto iwe ya zege lililopondwa, kwa zege la kawaida la majengo. Wajerumani wanafika hadi 45 kutegemea aina ya kifusi na mazingira ya jengo, ila kwenye zege lililokazwa kwa nyaya hawaruhusu kabisa. Mimi kwenu nasema hivi: kila ndoo tano za kokoto, moja iwe ya kifusi. Kwa kiwango hicho, hesabu yetu ya kiu inashuka kutoka lita 60 hadi lita 12 kwa mita ya ujazo, na hizo unazimaliza jioni kwa kunyunyizia. Tabia nyingine za zege hazibadiliki sana. Ukizidisha, mambo yanaanza kuonekana: zege linasinyaa zaidi likikauka, na linalegea zaidi chini ya mzigo. Kyubu inaweza kufaulu vizuri, lakini bimu ndefu ikashuka tumbo, milango ikaanza kukwama. Kyubu haikwambii hilo. Matanki ya maji na majengo ya ufukweni msiyaguse kwa sasa. Na kwa nguzo au slabu yoyote, mhandisi wa mradi aidhinishe kwa maandishi, kyubu zimwagwe za siku 7 na za siku 28. Kumwagilia ni palepale, magunia mabichi siku saba, na hapa siongezi neno kwa sababu mnajua na hamfanyi.

Kuna kitu lazima nikiseme ingawa kinapunguza utamu. Mtasikia watu wakiwaambia kifusi kitapunguza joto la dunia. Kidogo sana. Hewa ya ukaa ya zege iko kwenye sementi, na sementi peke yake inahusika na takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu. Kokoto yako ikiwa mbaya ukaifidia kwa mfuko mmoja zaidi wa sementi, umeharibu kuliko ulivyookoa. Kifusi kinaokoa mlima usichimbwe, bonde lisijazwe, na safari ya lori. Mimi hayo yananitosha, na mkandarasi anayelipa dizeli nadhani yanamtosha pia.

Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni kabla hatujaanza. Akaniuliza, "Mwanangu, wakileta mashine ya kuponda vifusi, sisi tutakula wapi?" Nilimwambia nitamjibu mbele ya watu. Mama, mashine inaponda vyote pamoja: tofali, plasta, zege zuri, zege bovu. Inatema lundo moja. Mkono wako unachagua, na kwenye kifusi kuchagua ndiyo kazi kubwa kuliko kuponda. Mkandarasi anayetaka kokoto ya nguzo atalazimika kumlipa mtu mwenye jicho lako. Lakini nami nina ombi: loweka zege kabla ya kuligonga, na ufunge barakoa na miwani. Vumbi lile lina silika, likikaa mapafuni halitoki. Nimewaona mnavyofunga khanga puani. Khanga haizuii.

Basi. Mabeseni haya yaacheni hapa, la kulia bado linatoa mapovu na tumeongea karibu saa nzima. Nje kuna mashine ya kuchanganyia, mifuko miwili ya sementi, na lundo nililolinyunyizia jana jioni mwenyewe. Tutamwaga kyubu sita, nusu za Lugoba tupu, nusu za moja kwa tano, na kila atakayeandika namba yake ya simu nitampigia siku ya 28 nimsomee. Fundi wa pale dirishani, wewe ndiye utakayeshika ndoo ya maji. Kila tone, uniulize kwanza.